Aliyekufa Hauawi: kweli na uongo kuhusu vifaa na michakato ya Linux

Umeme ulirudi saa nne usiku, seva haikurudi nao. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja, nyota chache zikikimbia kushoto na kulia, na pembeni hesabu ya muda: sekunde 21 kati ya dakika 1 na sekunde 30. Tukasubiri. Muda ulipoisha mashine ikatangaza kwamba imeingia hali ya dharura, ikadai nywila ya root, na mwenye kuijua alikuwa safarini. Kijana wa zamu akatoa hukumu: diski imekufa. Mwenzake akakataa, akasema ni hiyo systemd, ndiyo inayoharibu kila kitu siku hizi. Mlinzi aliyetumulikia kwa tochi akauliza kama tumejaribu kuizima na kuiwasha tena.

Diski ilikuwa nzima, na systemd, programu inayoamsha huduma za mfumo mashine inapowaka, ilikuwa imefanya ilichoagizwa. Miezi miwili nyuma mtu fulani, nakiri ni mimi, alichomeka diski ya nje ya kuhifadhia nakala, akaiandika ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, kisha idara nyingine ikaiazima na haikuirudisha. Kwa kuwa seva haikuwahi kuzimwa tangu siku hiyo, hakuna aliyegundua kwamba siku itakapowaka upya itamngoja mgeni ambaye hayupo. Tulimaliza saa saba usiku, kwa kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi na kuongeza neno moja kwenye ule mstari: nofail.

Tangu hapo nimekuwa nikiokota kauli ambazo watu wa Linux hurushiana kwa kujiamini. Nyingi zinakosea pale pale tulipokosea sisi: msemaji hajui nani anamsubiri nani.

“Bila systemd hakuna udev, na bila udev hakuna vifaa.”

Uongo, na ni uongo mara mbili.

Unapochomeka flashi, wa kwanza kujua ni kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozungumza na mashine moja kwa moja. Kerneli hukipa kifaa namba zake, na tangu toleo 2.6.32 la mwaka 2009 inaweza kukiwekea yenyewe jina ndani ya /dev, kwa njia iitwayo devtmpfs. Kisha hupiga mbiu kwamba kifaa kimefika. udev ni msikilizaji wa hiyo mbiu. Husoma kanuni zake, huamua nani aruhusiwe kukigusa kifaa, huita draiva kama iko kwenye moduli ambayo bado haijapakiwa, halafu hukibandika majina ya ziada. Ni karani wa mapokezi. Geti kalifungua mwingine. Ukimsimamisha karani huyu, vifaa ambavyo draiva zake tayari zimo ndani ya kerneli vitaendelea kuonekana. Utakachokosa ni ruhusa zilizopangwa vizuri, majina ya kudumu na kuitiwa moduli.

Kazi hiyo ya ukarani si ndogo. Greg Kroah-Hartman alipoitoa udev mwaka 2003, folda ya /dev kwenye Red Hat 9 ilikuwa na majina zaidi ya 18,000, karibu yote ya vifaa ambavyo mwenye kompyuta hakuwa navyo. Yaliwekwa kwa tahadhari tu, kama hoteli inayotandika vitanda kwa ajili ya mji mzima.

Ugomvi ulianza mwaka 2012, kodi ya udev ilipohamishiwa ndani ya mradi wa systemd. Wengi walichukulia kuhama nyumba kuwa ni kufungwa pingu. Mwaka huo huo watu wa Gentoo wakaichukua kodi ile wakaanzisha tawi lao, eudev. Kwenye ruta nyingi ndogo na vifaa vya aina hiyo kuna mdev, inayokuja ndani ya BusyBox. Na simu yako ya Android, ambayo inatembea juu ya kerneli ya Linux, haina systemd wala udev: ina init yake yenyewe, na anayesikiliza mbiu za vifaa humo anaitwa ueventd. Kwa hiyo msomaji anayeapa kwamba Linux haiwezekani bila systemd huenda anaapa huku ameishika mkononi.

Kinachonichekesha ni kwamba utegemezi wenyewe unaelekea upande wa pili. Ni systemd inayoitegemea udev. Inapoambiwa ipachike diski fulani, haiendi kuitafuta. Inakaa ikisubiri udev ije iseme kifaa kile kimefika na kiko tayari. Ule muda uliohesabiwa mbele yetu usiku ule ndio wa kusubiri huko, na sekunde 90 ndicho kikomo chake cha kawaida. Karani hakuleta habari kwa sababu mgeni hakuja, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba bila mgeni huyo sherehe isianze.

“Diski iliyoitwa sdb leo itaitwa sdb kesho.”

Uongo. Herufi hizo hugawiwa kwa aliyetangulia kufika, na kila mashine inapowaka ni foleni mpya. Ongeza diski moja, badilisha tundu la kebo, au draiva moja ichelewe kidogo, na sdb ya jana inakuwa sdc. Nimeona hati ya nakala za usiku ikiandika juu ya diski isiyo yake kwa sababu hii. Andika amri ya blkid, chukua ule mfuatano mrefu unaoitwa UUID, utumie huo kwenye fstab. Unasumbua kuuchapa, ila unakaa kwenye diski yenyewe na hautegemei foleni.

“Ukifuta faili lililo ndani ya /dev, umeondoa kifaa.”

Uongo, lakini jaribu uone utakavyojuta.

Siku moja, nikiwa root, nilitaka kulitupa faili kubwa la kumbukumbu za mfumo. Nilishasikia kwamba /dev/null ni shimo lisilojaa, basi nikaona nilitupe humo: mv, jina la faili, /dev/null. Amri ilikubali bila neno. Baada ya dakika chache programu moja ikaanza kulalamika, kisha ya pili. Nikaandika ls -l /dev/null. Kwa kawaida mstari wake huanza na herufi c, na pale ambapo faili lingeonyesha ukubwa panakuwa na namba mbili, 1 na 3. Mimi nikaona kistari mwanzoni na ukubwa unaoongezeka. Shimo lilikuwa limegeuka ndoo.

Zile namba mbili ndizo kifaa chenyewe, kwa maana ya jinsi kerneli inavyokijua. Ya kwanza huielekeza kerneli kwa draiva, ya pili humwambia draiva ni kipi kati ya vifaa vyake. Jina /dev/null ni kibao cha mlangoni tu. Nilichofanya ni kung'oa kibao na kuegesha pipa mahali pake. Kifaa kilikuwa bado kipo ndani ya kerneli, ila hapakuwa na njia ya kukiita. Na kwa vile devtmpfs hukaa kwenye RAM, kila programu iliyofanikiwa kuandika humo ikidhani inatupa takataka ilikuwa inajaza kumbukumbu ya mashine. Dawa ni amri mbili: futa lile faili bandia, kisha mknod -m 666 /dev/null c 1 3. Au washa upya, kerneli itaweka kibao kipya yenyewe.

“Kwenye Unix kila kitu ni faili.”

Nusu. Tafuta kadi yako ya mtandao ndani ya /dev, hutaikuta. Mtandao uliingia Unix kwa mlango wa Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, na walioujenga walikuja na soketi zao badala ya kufuata desturi ya mafaili. Maabara ya Bell, iliyoizaa Unix, ilijaribu baadaye kuitimiza kauli hii kwa ukamilifu kwenye mfumo mwingine, Plan 9, ambao wengi wanausifu na wachache wameutumia.

“kill -9 huua chochote.”

Uongo. Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo amri inayopendwa kuliko zote na wasioijua.

Kwanza jina lake lenyewe linadanganya. kill hupeleka ishara, na ishara ziko nyingi. Ya 15, inayotumwa usipotaja namba, ni ombi la heshima: funga kazi zako, hifadhi ulichonacho, uondoke. Programu inaweza kuisikia na kujipanga, na database yoyote yenye akili hufanya hivyo. Ya 9 haimfikii mlengwa kabisa. Kerneli ndiyo inayomwondoa, bila kumpa nafasi ya kuhifadhi chochote. Anayeanza na 9 kwenye database ni kama anayezima jenereta kwa kulikata shoka.

Hata hivyo, ukiacha mmoja nitakayemfikia baadaye, kuna wawili ambao 9 haiwawezi. Andika ps -eo pid,ppid,stat,comm utazame safu ya tatu. Ukikutana na D, huyo ni mchakato ulioingia ndani ya kerneli kuomba kitu, mara nyingi kutoka kwenye diski, na umelala usingizi usiokatizwa mpaka jibu lije. Kama kebo ya diski ni mbovu, jibu linaweza lisije. Ishara yako imepokelewa na imewekwa mezani, lakini wa kuisoma hajaamka. Unachotakiwa kushughulikia hapo ni diski.

Wa pili ana herufi Z, na pembeni ya jina lake utaona neno defunct. Kwa Kiingereza wanamwita zombi, na nimewahi kusikia vijana wa Dar wakimwita msukule. Neno ni tamu, ila linapotosha. Msukule wa hadithi hulimishwa shamba usiku na aliyemchukua. Huyu halimi, hatembei, hatumii prosesa, na RAM yake ilisharudishwa. Mfikirie marehemu aliyeko mochwari: kazi zimekwisha, vyombo vimegawanywa, kilichobaki ni jina lake kwenye daftari mpaka ndugu aje atie saini. Ndugu huyo ni mchakato mzazi, uliomzaa, na saini ni mwito uitwao wait, ambao kwa huo mzazi hupokea taarifa ya mwanawe alivyoishia. Mzazi akiwa mzembe, haiti wait, jina linabaki daftarini.

Sasa unaelewa kwa nini kill -9 haifui dafu. Kumpiga risasi aliyeko mochwari hakumtoi mochwari. Tazama safu ya ppid, mjue mzazi, ushughulike naye. Ukimfunga mzazi, marehemu wake hurithiwa na mchakato namba 1, ule wa kwanza kuanzishwa mashine inapowaka, ambao hutia saini papo hapo.

“Zombi hula kumbukumbu.”

Uongo, kwa sababu hiyo hiyo. Zombi mmoja ni mstari mmoja kwenye jedwali. Hatari iko kwenye wingi: namba za michakato zina kikomo, na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 32,768. Programu inayozaa kila sekunde bila kuzika itazimaliza namba zote, na siku hiyo hutaweza kuanzisha hata ls.

“Mzigo ukisomeka 40, prosesa imezidiwa.”

Si lazima. Kwenye Unix nyingine namba hiyo huhesabu michakato inayotaka prosesa. Linux, tangu mwaka 1993, inahesabu pia wale wa herufi D, waliolala wakisubiri diski. Nimewahi kuamshwa usiku kwa mzigo wa 40 nikakuta prosesa imekaa bure na diski moja inakohoa. Walikuwa wameshaomba fedha za kununua seva yenye nguvu zaidi.

“Kuzaa mchakato mpya ni kunakili kumbukumbu yote ya mzazi.”

Uongo leo, ingawa kuna wakati ilikuwa kweli. Unix huzaa michakato kwa njia ya ajabu ukiifikiria: mchakato hujigawanya kuwa wawili wanaofanana kwa mwito uitwao fork, kisha mtoto, akitaka, huvaa programu nyingine kwa mwito wa exec. Dennis Ritchie, mmoja wa walioiunda Unix, alieleza kwamba kwenye mashine ya PDP-7 waliyoanzia, fork ilihitaji mistari 27 tu ya asembli. Ilikuwa rahisi kwa sababu mfumo tayari ulikuwa na desturi ya kumtoa mchakato kumweka diskini ili kumpisha mwingine. Fork ilikuwa ni kumtoa nakala na kumwacha asilia palepale.

Linux ya leo hainakili. Mzazi na mtoto huachiwa kumbukumbu moja, kurasa zake zikiwekewa alama kwamba haziandikiki. Wakisoma, wanasoma pamoja. Mmoja akijaribu kuandika, kerneli humtolea nakala ya ukurasa huo mmoja, ambao kwenye kompyuta za kawaida ni baiti 4,096, na maisha yanaendelea.

Android imeifanya mbinu hii kuwa uti wa mgongo. Simu inapowaka, mchakato uitwao Zygote hupakia maktaba ambazo karibu kila programu itazihitaji. Kisha ukibonyeza WhatsApp, Zygote hufanya fork bila exec, na mtoto anaamka akiwa tayari amesoma vitabu vyote vya mama yake. Programu ishirini hutumia kurasa zile zile. Simu ya bei ndogo yenye RAM kidogo isingeweza kuwalisha ishirini hao kila mmoja na sahani yake.

“Mzazi akifa, watoto wanakufa naye.”

Uongo, ila macho yanakudanganya. Yatima hulelewa na mchakato namba 1, au, tangu kerneli 3.4 ya mwaka 2012, na mzee mwingine wa karibu aliyejitolea kulea. Kinachofanya uamini vinginevyo ni terminali: ukiifunga, watoto waliomo hupelekewa ishara ya kukata simu, namba 1, na wengi huifuata. Wakinge kwa nohup au waendeshe ndani ya tmux. Mwaka 2016 systemd toleo 230 lilibadili desturi likawa linafagia kila mchakato wa mtumiaji anapotoka, tmux ikiwemo. Kelele zilizopigwa zilikuwa za haki, kwa maoni yangu.

“Mchakato namba 1 hauuliki.”

Kweli, mradi uko upande wake wa uzio. Kerneli huutupilia mbali kila ujumbe ambao namba 1 haijajiandaa kuupokea, na 9 haipokeleki, basi kill -9 1 haifanyi kitu hata ukiwa root. Namba 1 ikianguka yenyewe kwa hitilafu, kerneli hukata tamaa na mashine nzima husimama.

Mwenye kutumia Docker ameshakutana na kinga hii bila kutambulishwa. Ndani ya kontena, ambalo ndilo uzio wenyewe, programu yako ndiyo namba 1. Unaandika docker stop, ombi la 15 linafika, programu haikuandikiwa cha kufanya na 15, kerneli inalitupa. Docker husubiri sekunde 10, halafu hutuma 9 kutoka nje ya uzio, ambako kinga haifiki. Zile sekunde 10 zinazokukera kila unaposimamisha kontena ndizo hizo.

“cp ikimaliza, flashi inaweza kuchomolewa.”

Uongo, na huu unawaumiza hata wasiojua kwamba Linux ipo. Niliwahi kukaa kwenye steshenari moja iliyoweka Ubuntu kwenye mashine zake kukwepa virusi vya flashi. Mwanafunzi alinakiliwa tasnifu yake, faili na picha zake zote, zaidi ya nusu gigabaiti. Amri ikarudi kwa sekunde mbili. Akafurahia kasi, akanyoosha mkono.

Nikamshika kiwiko. Sekunde mbili ni kasi ya RAM. cp ilikuwa imemkabidhi mzigo kerneli, kerneli ikautia sahihi na kuuweka kwenye kumbukumbu, ikipanga kuupeleka itakapopata nafasi, pengine baada ya nusu dakika. Flashi ilikuwa bado karibu tupu. Nikamfungulia terminali nikaandika grep Dirty /proc/meminfo, namba inayoonyesha mzigo ulio njiani, na tukaiandika tena, na tena. Kilobaiti laki tano na ushei. Laki tatu. Taa ya flashi ilikuwa inapepesa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mwenye duka akatuuliza tunasubiri nini. Elfu tisini. Elfu nane. Nikaandika sync, kisha umount, na amri iliporudi mwanafunzi akanitazama usoni kwanza, kisha akachomoa.